Besi Iliyopotea Sikioni

Mama mshonaji alikuwa ndani ya basi akielekea darasa la jioni, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Hapo mzee mmoja alikuwa akimlalamikia msusi aliyeketi kando yake. “Binti yangu, hizi spika za masikioni alizonipa mwanangu zimekula besi. Jumapili naimba besi peke yangu kanisani, na wiki nzima nikijifunza wimbo wa kwaya humu nasikia akina mama tu!”

“Babu, mbona zinaning'inia kama hereni? Zisukume ndani.”

“Zikwame ubongoni?”

“Hazifiki huko! Vuta sikio juu, kisha zungusha polepole.”

Mzee akamwomba Mungu kwa sauti, akavuta, akazungusha. Macho yakamtoka. “Ee! Kumbe besi wako humu!” Papo hapo akaachia sauti nene iliyowashtua abiria wote isipokuwa yeye.

“Babu, punguza!”

“Unasemaje?”

“Punguza sauti!”

“Sikusikii. Najisikia mwenyewe tu, kama niko ndani ya pipa!”

Basi likasimama, mzee akashuka akinguruma. Mama mshonaji, ambaye kanisani kwake huimba sauti ya kwanza, akainamisha kichwa na kuwaombea wale akina mama watakaoimba naye Jumapili.