Mwalimu Baki na Namba 2061977

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 11 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi saa. Jina la Mwalimu Baki alipewa na wanafunzi, maana hakuna aliyegawanya ubaoni bila kuulizwa, "Na baki umeificha wapi?"

Shule ya msingi alianza mwaka 1957, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1972. Chuoni alilala chumba kimoja na mwenzake wa hesabu, wakawa chanda na pete. Wote wawili walipangiwa shule moja ya sekondari, na hapo Baba alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2009.

Ndoa yake ilicheleweshwa na hesabu. Alitaka siku ambayo tarehe yake, ikiandikwa kama namba moja, iwe namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Bibi alisema kijana kaingiwa na wazimu. Baba akachagua 2061977, na kazi ya kuijaribu wakagawana: yeye namba tasa zote chini ya 600, mwenzake zilizosalia hadi 1433, maana kupita hapo hakuna haja. Enzi hizo ilikuwa kalamu na karatasi. Baada ya wiki mwenzake akaja anatabasamu: "Zangu zote zina baki. Kaoe, bwana!" Tarehe 2 Juni 1977 Baba alimwoa Mama, na mwenzake huyo huyo ndiye aliyesimama shahidi.

Kila kidato cha kwanza waliiona namba hiyo ubaoni. "Hii ni ndoa yangu," alikuwa akisema. "Nani ataigawa?"

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2018. Kitandani, kwa kujiliwaza tu, akaanza kupitia zile namba za mwenzake. Alipofika 683 hapakuwa na baki. Iliingia mara 3019, kamili. Mama akamwambia, "Baba watoto, mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na namba." Alicheka, lakini tulimjua. Kesho yake alijikokota hadi shuleni, akaomba chaki, akawaambia watoto wa watu kwamba shule hii aliifundisha uongo.

Mwenzake alipopigiwa simu alijibu, "Ah, ndugu yangu, nilichoka nikakisia. Mambo ya kale hayo! Si mna wajukuu?"

Namba ingesameheka. Kilichomchoma Baba ni kwamba mtu yule alifundisha darasa la jirani miaka yote, akamwona akiiandika ubaoni kwa fahari, akanyamaza. Baba alingoja samahani tu. Mlango ukigongwa aliuliza, "Ni yeye?" Hakuwa yeye.

Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2021, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na wanafunzi ambao wengi wao wako hapa. Mwenzake pia yupo, kiti cha mbele. Juzi alikuja nyumbani akaomba atajwe kama rafiki wa kufa na kuzikana. Tumemtaja. Aliomba na msamaha, tena kwa machozi, kwa Mama na kwetu sisi watoto. Hatukuupokea, kwa sababu hatukuwa sisi tuliokuwa tukiungoja. Kaburi bado li wazi. Asogee amwambie mwenyewe.

Mungu akupe pumziko la amani, Baba.