Mama Aliyeagwa Kila Juni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Emmy Nasimiyu, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Joy, anastaafu baada ya kufanya kazi kwa miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu cha mbegu za mahindi hapa Kitale. Ofisi inahesabu miezi kumi na mmoja. Hesabu zote mbili zimewekwa katika karatasi hii, na msomaji atachagua iliyo ya kweli.

Kwa wageni waliokuja kunywa chai nasi leo, inafaa kueleza utaratibu wetu. Kibarua wa kiwanda hiki huandikwa tarehe mosi Agosti, na mkataba wake hufa tarehe 30 Juni. Siku hiyo hurudisha aproni na beji, hupewa mkate, pakiti ya sukari na hotuba, kisha huagwa. Mwezi wa Julai hukaa nyumbani bila kazi. Ni mwezi ambao mvua haikatiki, mahindi mapya bado ni mabichi shambani, na gorogoro ya mahindi makavu, yaani kopo la kilo mbili, imepanda bei sokoni kuliko wakati mwingine wowote. Agosti inapofika hurudi langoni, hupanga foleni, hupewa beji yenye nambari mpya na kuitwa mfanyakazi mpya. Kwa njia hii hakuna kibarua hapa aliyewahi kutimiza mwaka.

Basi Mama Joy ameagwa kuliko mtu yeyote tunayemjua. Mameneja wanne wamemtolea hotuba ya kwaheri. Mmoja wao alimuaga miaka sita mfululizo, na kila mwaka alimwuliza jina lake.

Vibarua nao wana desturi yao. Siku moja kabla ya kuagwa, kila mmoja huacha kikombe chake cha chai juu ya boriti ya ghala la mifuko. Waliotutangulia walisema kwamba mtu aliyeacha chombo chake hajaondoka. Kikombe cha Mama Joy ni cha bati, cheupe, chenye ukingo wa samawati uliobanduka upande mmoja, nacho kimelala juu ya boriti ile kila Julai. Hotuba ya meneja ilipokuwa ndefu, Mama Joy alimnong'oneza aliyeketi karibu naye: "Ati tunaagwa? Si kikombe changu kiko pale juu, bana. Huyu anaaga beji."

Alizaliwa Kabuchai katika familia ya wakulima wa miwa, akaolewa Ndalu, upande wa Tongaren. Mumewe alipofariki, aliachwa na watoto wawili, Joy na Wamalwa, pamoja na kipande cha shamba kisichoweza kulisha watu watatu. Akaja Kitale, akapanga chumba kimoja mtaani Matisi, akasimama langoni petu.

Mwaka wa kwanza alipelekwa katika mashamba ya mbegu kung'oa mbelewele. Wasioijua kazi hii hudhani ni ya mchezo. Katika shamba la mbegu, mistari ya mahindi jike hung'olewa mbelewele zake kabla hazijatoa chavua, la sivyo mbegu huharibika, na chavua haijui Jumapili wala msiba. Wang'oaji huingia shambani alfajiri, umande ukiwalowesha hadi kifuani, na hutoka majani yakiwa yamewachanja shingo na mikono. Baadaye alihamishiwa kwenye mkanda wa kuchambulia, na hatimaye kwenye mashine ya kushona midomo ya mifuko, ambako amebaki hadi leo. Mkulima yeyote kati ya hapa na Bungoma mjini aliyefungua mfuko wa mbegu zetu kwa kipindi hicho chote, huenda alivuta uzi ulioshonwa na Mama Joy.

Hakuwa mtu wa kununa. Nasir, mpakiaji wetu anayeishi nyuma ya msikiti, anakumbuka jinsi Mama Joy alivyokuwa akimgeuzia mgongo kila alipokunywa chai wakati wa mfungo, ili asimtamanishe. Nasir alimwambia, "Kunywa tu, mama. Mfungo wangu ni Ramadhani, wako ni Julai." Ghala zima lilicheka, naye akacheka kuliko wote.

Mwaka mmoja tuliletewa semina. Mwezeshaji, kijana mstaarabu kutoka Nairobi, alituuliza kama mfanyakazi wa kima cha chini anaweza kuishi maisha ya heshima kwa mshahara wake. Mama Joy ndiye aliyesimama. "Heshima ninayo," alisema. "Ni unga ndio sina." Mwezeshaji aliandika jibu hilo ubaoni, akatushukuru, na baada ya hapo tukagawiwa soda.

Swali lile lilikuwa zuri, na lilistahili jibu refu zaidi. Mshahara wa Mama Joy ulitosha kodi na unga. Ada ya shule ilipodaiwa, ulitosha kodi na ada. Haukuwahi kutosha vyote vitatu. Jumapili, akitoka katika kanisa la Marafiki, yaani Quaker, aliuza ndizi mbivu kando ya barabara hadi giza lilipoingia. Jioni za wiki aliwafulia watu nguo. Hakunywa pombe, hakucheza kamari, hakukopa kwa anasa, na hakulala mchana hata siku moja tunayoijua. Tunayataja haya kwa sababu wako watu, wengine wao wameketi nasi hapa, ambao humtazama maskini na kuuliza ni kosa gani alilofanya. Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Hawakutuambia kivuli hicho ni cha nani.

Kuna kisa ambacho hakijawahi kuandikwa. Chepkemei, ambaye sasa anashona mifuko kwenye mashine iliyo karibu na ya Mama Joy, ameomba mwenyewe kiandikwe leo.

Kila mtu hapa anajua kwamba mbegu hutiwa dawa ya kuua wadudu, na rangi nyekundu ili mtu asidanganyike akazila. Ni jambo gumu kushinda kutwa katikati ya milima ya mahindi yasiyolika, hasa mwezi wa Mei, wakati mkebe wa unga nyumbani umeanza kutoa sauti. Chepkemei alikuwa ametoka Mlima Elgon mwaka huo akiwa na mtoto mchanga, naye alipanga chumba katika ploti ile ile ya Matisi alikoishi Mama Joy. Jioni moja alitoka kiwandani na mbegu alizozifunga katika pindo la leso. Aliziosha mara kadhaa mpaka maji yakawa meupe, akachanganya sehemu yake na maharagwe, akabandika sufuria jikoni. Aliamini, kama wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba rangi ikitoka, sumu nayo imetoka.

Mama Joy alikuwa akirudi kutoka kufua. Aliona maji mekundu kwenye mtaro ulio mbele ya mlango. Hakupiga hodi. Aliitwaa sufuria kutoka motoni na kuimwaga chooni. "Hii dawa haioshwi, wewe msichana!" alifoka, kwa sauti iliyosikika ploti nzima. "Ilishaingia ndani ya punje! Unataka kumnyonyesha mtoto sumu?" Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na unga wake mwenyewe, wakapika ugali, wakala.

Zilibaki mbegu chache ambazo hazijapikwa. Kuzitupa uani kungewafanya kuku na watoto wazile. Mama Joy alizifunga katika karatasi ili azirudishe kwenye rundo asubuhi. Kwa kawaida, walinzi wetu huwapekua wanaotoka. Asubuhi hiyo kufuli fulani lilikuwa limepotea, wakawapekua pia walioingia. Waliona mbegu, wakaona mwizi. Kwamba mwizi hutoka na mali na haingii nayo, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulifikiria. Aliulizwa alizipata wapi, akanyamaza. Alifukuzwa kabla ya saa ya chai.

Chepkemei alitaka kwenda ofisini kusema ukweli. Mama Joy alimkataza. "Wewe wako ananyonya," alimwambia. "Wangu wanatafuna, watangoja."

Agosti mwaka huo hakuitwa. Aliitwa Oktoba, mavuno ya mbegu yalipoingia na mikono ikapungua. Kikombe chake, ambacho wenzake walikiweka juu ya boriti siku aliyofukuzwa, kilikuwa bado pale, kwa maana hakuna mtu aliyethubutu kukigusa. Lakini katika miezi hiyo Wamalwa, aliyekuwa kidato cha pili, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Hakurudi shuleni tena. Alikwenda kwa wajomba zake Kabuchai kukata miwa, na hadi leo anakata miwa, kwa malipo ya kutwa, kama mamaye.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha wema, na ni cha wema kweli. Hata hivyo, wema huo uligharimu masomo ya kijana mmoja, na waliougharamia hawakuwa na cha ziada. Tena sufuria ile isingalibandikwa kama mama mwenye ajira, aliyeshona mifuko ya mahindi kuanzia asubuhi hadi jioni, angaliweza kununua gorogoro moja ya mahindi ya kula. Hilo halihitaji semina.

Mwezi uliopita Mama Joy, akiwa ametimiza umri wa kustaafu, alikwenda ofisini kuuliza kiinua mgongo chake. Nasir alimsindikiza kama mwakilishi wetu. Bw. Kimotho, ambaye anashughulikia mambo ya wafanyakazi, aliwakaribisha vizuri na kuwaagizia chai. Aliwaeleza kwamba kila mkataba husimama peke yake, na kwamba ule wa mwisho ni mfupi mno kuzaa chochote. "Mama, mimi si mtu mbaya," alisema. "Lakini kila Agosti, kwetu wewe ni mtu mpya."

"Basi mtu mpya amezeeka haraka," alijibu Mama Joy.

Bw. Kimotho alicheka. Nasir alicheka pia. Kicheko hakikubadilisha jibu.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Ndalu, katika kile kipande cha shamba, ana nyumba aliyoijenga kidogo kidogo. Ina nguzo, fito na mabati. Haina kuta za udongo, haina milango, na sakafu yake ni nyasi. Alitumaini kwamba kiinua mgongo kingeikamilisha, ili arudi nyumbani kama watu wengine wanavyorudi, akiwa na mlango wa kufunga. Ofisi, kwa ukarimu wake, imemtayarishia zawadi ambayo atakabidhiwa leo baada ya hotuba. Ni saa ya ukutani.

Wafanyakazi wa ghala wameshauriana kuhusu ukuta wa kuitundika. Jumamosi ya pili ya Julai tutakwenda Ndalu kuikandika nyumba hiyo. Wamalwa atatoka Kabuchai kutupokea, na Chepkemei ameahidi kuchanganya udongo kwa miguu yake mwenyewe. Mvua italeta maji, na sisi, kama kila Julai, hatutakuwa na kazi nyingine. Anayetaka kuja aje na jembe au karai. Tunatoa tangazo hili bila majivuno. Kwamba watu waliochoka wanamjengea mwenzao waliyechoka naye ni jambo la kushukuriwa, lakini si malipo ya uzeeni, na asitokee mtu wa kusimama leo na kuliita hivyo.

Tunamshukuru Mama Joy kwa mikono yake, kwa kicheko chake, kwa unga aliougawa ulipokuwa wa mwisho, na kwa kunyamaza siku ambayo kusema kungemrudishia kazi yake.

Jana alasiri, baada ya mashine kuzimwa, alimwomba Nasir amshushie kikombe chake. Nasir ni mrefu, hahitaji ngazi, lakini alisita. "Kiache tu, mama," alisema. "Huwezi kujua, wanaweza kukuita."

"Hapana. Wakiniita, waniite Ndalu."

Alikiosha kwenye bomba, akakipangusa kwa aproni ambayo leo anairudisha, akakitia mfukoni. Pale kilipokuwa, kando yake, kilibaki kikombe kimoja cha plastiki cha kijani. Hicho ni cha Joy, bintiye, ambaye alimaliza kidato cha nne, akatafuta kazi Kitale na Bungoma bila kuipata, na sasa yuko kwenye mkanda wa kuchambulia kwa mwaka wa tatu. Kwa hesabu ya ofisi, huu ni mwezi wake wa kumi na mmoja. Leo naye anaagwa. Mama alikitazama kikombe kile kwa muda, akanyoosha mkono kana kwamba angekifikia, kisha akaushusha.

Mama Joy, nenda salama. Tunakutakia maisha ambayo kazi yako ilistahili kukupa.