Nurudini Hapiti

Usiku nilisikia shaaa, kama mvua inayoanza kugonga bati, nikasema asante Mungu, mvua ya kupandia imefika Kasulu, nikamvuta mwanangu Esteri kifuani nikalala tena kwa raha. Asubuhi nafungua mlango, uwanja mkavu, vumbi jekundu vilevile. Nikageuka kutazama gunia la mbegu pembeni ya kitanda. Fundo halikuwa langu. Mimi nafunga mara mbili na kuificha ncha. Hili lilikuwa fundo la mtu mwenye haraka, na gunia lenyewe limenywea nusu. Kilo sitini za maharage, mbegu ya akina mama kumi wa kikundi, nimekabidhiwa mimi kwa sababu eti nina kidato cha nne, na Jumamosi wanakuja kugawana, na leo ni Alhamisi! Nikambeba mtoto mgongoni, uso sijanawa, nikashuka mbio mpaka nyuma ya soko, kwenye gogo la mkaratusi ambapo Mzee Gharibu anauza kahawa na wanaume wanacheza karata kwa maharage, maana wanasema ukikutwa na hela ni kamari, ukikutwa na maharage ni mboga.

Mume wangu Melkiadi alikuwa amenipa mgongo, macho kwenye kikombe. Hawakuniona. Walikuwa wanabishana.

— Kuongeza dau kwa Melkiadi kulikuwa sahihi kabisa, alisema Bazilio. Wanamwita Profesa, ndiye aliyeuleta mchezo huu kutoka Manyovu, alifundishwa na dereva wa lori. — Kosa lilikuwa sura. Huwezi kuongeza ukiwa na sura ya mfiwa.

— Sura gani bwana! akadakia Kudra, fundi baiskeli, jina lake la kijiweni ni Spoki. — Kosa ni mkono. Dau la kumtisha mtu unalisukuma kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umezoea kusalimia, hautishi mtu.

— Nyie watoto, alisema Mzee Gharibu akimimina. — Mtu unamwongezea akiwa ameshiba. Aliyeshiba hataki ugomvi.

— Basi bora umngoje Nurudini mpaka lori lake lipige honi, alisema Spoki. — Hapo akili yake iko kwenye mzigo. Unaongeza pi! na honi. Anatupa karata mwenyewe!

— Na ukikohoa pamoja na honi, alisema Profesa, hiyo ni uhakika.

— Mwakeye, nikawasalimu Kiha.

Melkiadi alimwaga kahawa kwenye suruali.

— Shemeji! Karibu, kaa, alisema Profesa, anasogea kwenye gogo. — Mwakeye, Mama Esteri.

— Sikai. Maharage yako wapi?

Melkiadi akasema kwa sauti ndogo:

— Mama Esteri, ilikuwa hesabu nzuri. Profesa, mweleze.

— Mweleze wewe! Si ndiwe uliyelala naye?

Nikamwambia Profesa haya nieleze, harakaharaka, kabla sijapiga yowe hapa soko zima lije. Akaeleza, mikono inaruka. Kila mtu ana karata mbili za kuficha. Zinafunuliwa tatu juu ya kigoda, za wote. Halafu moja, halafu ya mwisho. Dau halichagui mtu: karata tatu zikiwa wazi ni kopo moja, ikija ya nne ni makopo mawili. Kopo lenyewe la kilo. Melkiadi ana kopa mbili mkononi, kigodani kopa mbili, anangoja ya tano ashinde. Nurudini, yule mnunuzi wa nafaka wa Kibondo, anaweka kopo moja. Ungemfuata tu, ni moja sasa na mawili baadaye, jumla matatu. Sasa ujanja: unamwongezea palepale dau likiwa dogo, unaweka mawili. Anaogopa. Karata ya nne ikija anapita, haweki kitu, na wewe unapita, karata ya mwisho umeiona bure.

— Umeokoa kopo zima! alisema Profesa. — Ni sayansi, shemeji.

— Na asipoogopa?

— Hapo anaongeza juu ya yako. Inakuwa matatu.

— Halafu ya nne ikija anaweka mawili yake kama kawaida, na huyu anafuata. Matano.

— Inategemea...

— Matano, Profesa! Ujanja ukikubali unaokoa moja, ukikataa unatupa mawili zaidi. Kwa hiyo lazima aogope zaidi ya mara mbili katika kila tatu, la sivyo ni wizi wa kujiibia mwenyewe. Baba Esteri, umefanya mara ngapi?

— Sita.

— Na kopa ilikuja mara ngapi?

Akatazama suruali yake.

— Thelathini, nikasema. Sauti ilinitoka mpaka mtoto akashtuka. — Makopo thelathini! Ungefuata tu kama mtu mjinga, yangekuwa kumi na manane! Kumi na mawili umeyatupa kwa kuwa mjanja! Na ulikuja kuchota nimelala, mimi nashukuru mvua!

— Mara ya saba ingekubali, alisema Spoki. — Angekohoa...

— Wewe nyamaza na spoki zako! Nina swali moja. Nyote mnacheza na Nurudini kila siku ya soko. Nani kati yenu amewahi kumwona Nurudini akiongezewa, halafu akapita?

Profesa akamtazama Spoki. Spoki akamtazama Melkiadi, Melkiadi akamtazama Mzee Gharibu, mzee akainua birika ajimiminie na halikutoa hata tone.

— Mimi nakaa hapa kila siku, alisema taratibu. — Sijawahi kumwona.

— Kwa hiyo mlikuwa mnamtisha nani?

Nyuma yangu mtu alicheka kidogo. Nurudini mwenyewe, kikombe mkononi, amefuata kahawa. Hasira ilikuwa imeshatangulia mbele yangu.

— Dada umesomea wapi hesabu?

— Hapahapa. Ile ni mbegu ya akina mama kumi, na mwenyekiti wetu ni Bi Asmahani, unamfahamu. Tutakuja sote kumi kwenye lori lako. Halafu nina shangazi Kibondo, na mwingine Kumsenga, wote waume zao wanacheza. Nitawapigia sasa hivi niwaambie hupiti.

Kicheko kikaisha. Alinivuta pembeni kidogo, karibu na mizani yake.

— Hawa wa hapa wamesikia, basi, alinong'ona. — Lakini huko kila kijiwe kina Profesa wake, na wote wananijaribia ujanja huohuo. Wakiacha, nitakuwa narudi na lori tupu. Chukua maharage yako, dada. Kibondo wasijue.

Akapima kilo thelathini, nikasimamia mshale wa mizani. Melkiadi akainama kubeba.

— Usiguse kwanza.

Nikalishika gunia, nikafunga mara mbili, nikaificha ncha.

— Sitamwambia mtu mwingine yeyote, nikamwambia Nurudini.