Mama Laini na Watu Wake

Ninyi mlioacha shughuli zenu mkaja, familia inawasomea haya, yameandikwa na binti wa pekee wa marehemu kwa harakaharaka huku akinyonyesha, basi yanapopishana mtuvumilie.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Laini kwa ajili ya kazi yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi saa, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1977, na Februari 1978 akaajiriwa kuwa opereta wa simu katika kiwanda cha nguo, chumba kidogo chenye dirisha moja, swichibodi mbele yake na nyaya za kuchomeka, na humo aliwajua watu kwa sauti kabla ya sura, nani ana mafua, nani kanuniwa na mkewe, nani anatafuta chumba na nani anacho, akawaunganisha hata wasioomba.

Ndoa yake ilianzia kwenye kosa, maana mwaka 1979 fundi bomba mmoja alipiga akitaka stoo, marehemu akamchomeka kwa mkurugenzi, fundi akafokewa vya kutosha, na kesho yake akapiga tena akasema, "Dada, leo nikosee tena, ila ubaki wewe kwenye laini," wakafunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980, wakangoja mtoto miaka kumi na minane na ushee, binti akazaliwa tarehe 2 Agosti 1999, wakati huo swichibodi imeshaondolewa na watu waliozoea kumpigia wamehamia kumtembelea sebuleni kwake. Mumewe alitangulia mwaka 2011.

Figo zilianza kumsumbua marehemu Novemba 2022, na mwaka huu tarehe 3 Septemba binti akajifungua mvulana, baba wa mtoto haonekani, hofu ikamjaa, kwa sababu watu wote walikuwa wa mama, yeye alizoea kupitisha chai tu na kusahau majina. Pale wodini alikolazwa, mchana, pazia likipumua taratibu, marehemu alilala vidole vikitembea juu ya shuka, anachomeka hapa, anachomoa pale, kama anasikia mji mzima ukinong'ona chini ya maji, binti akamwambia, "Mama, ukiondoka mimi simjui mtu," naye bila kufumbua macho akasema, "Huwajui, mwanangu, ila wao wanakujua," binti akadhani ni homa inayosema. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa kumi na moja jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliofua nepi bila kuulizwa, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani, binti alitaka kuwataja mmoja mmoja akashindwa, kwani ni wengi, na mtoto anapokezwa mkono kwa mkono tangu juzi, na anapoandika mstari huu hajui yuko mapajani kwa nani, wala hajainuka kumtafuta.

Pumzika sasa, mama, kwa amani.