Majina Mawili katika Daftari la Asolgaon

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio, na aliye jikoni naye aje mlangoni, maana maneno ya leo yanamhusu yeye hasa. Leo tunamkumbuka mzee Antaji Kelshikar, Antajirao wetu, ambaye shuleni wote walimwita kwa heshima Raosaheb. Amefariki wiki iliyopita akiwa na miaka themanini na sita. Alikuwa mkaguzi wa shule za serikali wilayani kwetu tangu mwaka 1879. Shule sitini na mbili, farasi mmoja. Narudia: shule sitini na mbili, na farasi mwenyewe alikuwa mvivu.

Waliosoma zamani hizo wanajua siku ya ukaguzi ilivyokuwa. Shule ikikosa watoto wa kutosha, inafungwa. Basi walimu waliazimana watoto kama watu wanavyoazimana sufuria za harusi. Bintiye, Durgatai, ametusimulia haya: "Baba aliingia shule moja, mtoto akamwamkia, 'Shikamoo Raosaheb, si tulionana juzi ng'ambo ya mto?' Mwalimu alitamani ardhi ipasuke."

Baba mtu alicheka, lakini moyoni aliudhika. Na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka 1884, wasikilizaji, ikaja zamu ya Asolgaon. Ilikuwa shule ya wasichana, ya kwanza wilayani. Mwalimu wake alikuwa Umabai Pethe, mjane mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Sheria ilikuwa nyepesi kusema: wasichana chini ya kumi na watano, shule inafungwa. Umabai alikuwa na kumi na wanane.

Antajirao alifika asubuhi, akahesabu vichwa. Kumi na wanane. Akafungua daftari, akaanza kuita majina.

"Chimi."

Kimya.

"Bhiki."

Kimya. Mabinti wameinamisha vichwa, wanachezea pindo za nguo zao. Mlangoni amekaa mama mmoja mtu mzima, anatafuna tambuu, hasemi kitu. Majina kumi na manane yakaitwa. Walioitika "nipo" walikuwa wanane tu.

"Umabai," akasema Antajirao, "hawa kumi umewaazima wapi?"

"Raosaheb, ndio hao hao. Wako mbele yako. Ni kwamba wao..."

"Nimeyasikia hayo tangu mwezi jana. Mtoto asiyejua jina lake ni mtoto wa nani?"

Hakumwacha amalize. Aliandika pale pale: wanafunzi wa kweli ni wanane, shule ifungwe. Akapanda farasi. Umabai alibaki ameshika chaki, na wale watoto kumi wakaanza kulia bila sauti.

Sasa nisikilizeni hapa. Wengi wenu mmeshaelewa, mnacheka huko mliko. Yeye hakuelewa, na alizaliwa papa hapa! Miaka mitano ya kukagua shule za wavulana ilikuwa imemfunga macho. Mvulana huzaliwa na jina na hufa nalo.

Alasiri alifika kwake, akakaa kula. Mkewe akampakulia wali na mchuzi wa dengu. Antajirao akawa analalamika huku akila.

"Kumi wamenikodolea macho kama vinyago. Unaita Chimi, hakuna Chimi."

"Chimi hawezi kuitika, baba Durga," mkewe akasema. "Ameolewa."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Akiitikia jina la kwa baba yake, mama mkwe atasema ameidharau nyumba yake, naye atamtoa shule siku hiyo hiyo. Hukumwona mama mkwe? Hakosi kuwepo."

Antajirao akakumbuka tambuu. Tonge likamganda mkononi.

"Basi mwalimu angeandika jina jipya."

"Si nyinyi wenyewe mnaosema daftari likifutwa neno ni la uongo?"

Ni kweli. Ndiyo iliyokuwa sheria, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiihubiri. Watoto wale wakiitika, wanatolewa shule. Wasipoitika, shule inafungwa.

Kisha mkewe akasema polepole, kama mtu anayesema na sufuria: "Na mimi niliitwa Thaki."

Wasikilizaji wapendwa, walikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa. Siku ya harusi, kama desturi yetu, bwana harusi alichukua pete akaandika jina jipya la mkewe kwenye sahani ya mchele. Aliandika Radha. Hakuwahi kuuliza, si siku ile wala baadaye, ni jina gani lililokuwepo kabla ya ule mchele.

Durgatai anasema, "Mama alituambia baba hakumaliza chakula. Alichana ile ripoti vipande vipande, akavitia motoni."

Kesho yake alirudi Asolgaon. Mama yule yule alikuwa mlangoni.

"Jana ulipotea njia, Raosaheb, au ulipotewa na akili?"

"Akili, mama. Naomba unisaidie. Mkweo anaitwa nani?"

Mama akamtazama kwanza. "Lakshmi."

Antajirao akatwaa kalamu. Pembeni ya Chimi akaandika Lakshmi, kwa mkono wake, akatia sahihi. Hakufuta kitu. Akaita, "Lakshmi."

"Nipo!"

Akafanya hivyo mara kumi, mama yule akimtajia majina ya wengine. Kisha akasimama mbele ya watoto wote, afisa wa serikali, akamwambia yule mjane, "Bai, jana nilikosa. Nisamehe." Umabai akajibu kwamba somo limechelewa, kama amemaliza atoke.

Alipata barua ya karipio kwa kuharibu daftari. Aliitunza pamoja na vitu vya sala. Na tangu hapo, katika kila shule ya wasichana wilayani, jina la kwa baba na jina la kwa mume yalikaa ubavu kwa ubavu. Na nyumbani, wakiwa wawili tu, mkewe alikuwa Thaki.

Yeye mama, kama wake wote wa rika lake, hakuwahi kulitaja jina la mumewe. Miaka sitini na minane. Nimemwachia Durgatai aseme ya mwisho, mimi nimeshindwa.

"Pumzi ya baba ilipokatika, mama aliinama sikioni pake akasema, 'Antaji.' Tukashtuka, hatukuwahi kumsikia. Akaita tena, 'Antaji.' Akangoja kidogo, kama mwalimu. Halafu akatugeukia: 'Haya. Mwandikeni hayupo.'"

Kwako mama Radha, kwako mama Thaki, kwa Durgatai na wajukuu wote: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji, nina ombi. Mimi nimekwisha kulifanya jana, kwa mama yangu, na nina miaka arobaini. Nendeni mkamwulize mama yenu, au bibi yenu, kwao aliitwa nani. Kisha mwiteni kwa jina hilo, mara moja tu, mngoje aitike, maadamu yupo.