Mnong'ono Amekuwa Mheshimiwa

Kwenye kona ya mtaa, mbele ya kinyozi, kuna benchi refu linalokaliwa kila jioni na watu walewale. Yupo Msumari, fundi viatu, ambaye huja na kazi yake mapajani. Yupo Redio, anayejua habari zote, hasa zile ambazo bado hazijatokea. Na yupo Wakili, kinyozi mwenyewe, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu. Wa nne alikuwa Mnong'ono. Miaka mingi alikuwa mshauri wa waziri, kazi yake kumnong'oneza bosi maneno ya kusema hadharani. Lakini kila hotuba aliileta kwanza benchini. "Mkinibishia, naipeleka," alizoea kusema. "Mkininyamazia, naichana." Kisha akagombea mwenyewe, akapata ubunge. Tangu hapo alikuja mara moja tu. Msumari, aliyecheza naye tangu utotoni, alikuwa bado hajazoea.

— Kiburi kile, — alisema Redio akimimina kahawa. — Mtu akishaonja ubunge, shingo haigeuki. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Ulimlea wewe? — Wakili akamdaka. — Si kiburi, amekatazwa. Waziri wake wa zamani anaogopa atamwaga siri. Akitoka tu nyumbani, pikipiki iko nyuma yake.

— Pikipiki ya nani?

— Ukishauliza ya nani, hujui siasa.

— Haya, nikupe ya ndani kabisa. Maneno yamemwishia. Miaka yote aliwagawia wenzake, ghala likabaki tupu. Umemsikia bungeni? Anasimama, "naunga mkono hoja," anakaa. Mnong'ono huyo! Aliyekuwa anapinga hata salamu!

Wakili akainama, akashusha sauti.

— Na kama yule si yeye?

— Toka hapa!

— Nakwambia wamemtafuta wa kufanana naye. Mwenyewe kafungiwa chumba cha chini wizarani, anaandikia serikali nzima. Ukiona vyaelea, ujue vimezama.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Msumari hakucheka. Alikuwa anavuta uzi kwenye soli, taratibu, kama mtu asiyetaka kazi iishe.

— Fundi, mbona umetununia? Sema nawe.

— Alikuwa anakohoa siku ile aliyokuja, — alisema Msumari.

— Nani?

— Mnong'ono. Sijui kama kikohozi kilipona.

Wakapuliza kahawa zao.

Wakati huo akafika mshonaji aliyehamia mtaani juzi, kufuata viatu vyake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Keti kidogo, nakimalizia kimoja, — alisema Msumari.

Akaketi ukingoni, akasikiliza ile ziara moja, pikipiki na chumba cha chini vikirudiwa upya kwa ajili yake. Mwisho akasema kwa adabu:

— Samahanini, wazee wangu. Huyo mheshimiwa alikuwa anakuja hapa kubishana?

— Kila siku ya Mungu! — alisema Redio.

— Sasa siku hiyo alipokuja, mlibishana nini?

Redio alianza kufuta kahawa iliyomwagika. Wakili akapata jambo la kutazama ndani ya kikombe.

Msumari aliiona siku ile kama iko mbele yake. Walisimama wote. Wakili alitoa kiti dukani, akakipangusa, akakiweka mbali na benchi, na Mnong'ono akakaa peke yake kama mtu wa kupigwa picha. Aliwaeleza mpango wake wa kwanza. "Safi sana, Mheshimiwa." Akawaeleza wa pili, mbovu kuliko wa kwanza. "Safi sana, Mheshimiwa." Akakohoa, akamgeukia Msumari, macho yakicheka kidogo kama zamani, akasema anafikiria mtaa huu uchimbwe wote, uwe bwawa la kufugia bata.

Kisha akamtazama yeye tu, akasubiri.

Msumari aliweka nyundo chini, akaanza kupiga makofi, na wenzake wakafuata.