Namna ya Kumsimamia Mkata Vitambaa

Mheshimiwa Mkurugenzi, mama yetu msimamizi unayetuaga leo, kaka msimamizi mpya, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mafundi wenzangu mlioacha cherehani zenu zikiwa bado za moto: hamjambo?

Nimeombwa nimsifu mama. Nitamsifu kwa jambo moja tu, maana mengine atayasema Mkurugenzi, na soda zinapata joto.

Miaka yote hii, kila asubuhi mama alianzia kwa dada wa pasi. Anasimama naye, anamwelekeza: kola kwanza, halafu mikono, sare za shule ndizo za haraka. Kisha anakwenda chumba cha kukatia, kwa mkata vitambaa, anaweka jora na vipimo mezani, anatoka. Siku moja uzalendo ukamshinda dada wa pasi: "Mama, mbona mimi unaniganda hivi, na yule unamdekeza?"

Mama akacheka. "Mwanangu, juzi nilikuacha mpaka mchana, ukaja kuniuliza nimekukasirikia nini. Yule nikimsimamia begani, anakata kombo. Sasa mnataka niwe msimamizi wa nani?"

Je, huo ni upendeleo? Mimi nasema ni kuwajua watu wako.

Kaka msimamizi mpya, nia yako ni njema, na hilo hatuna shaka nalo. Tangu uanze kukabidhiwa kazi umetuletea mkutano wa asubuhi, tunasimama duara, kila mmoja anaeleza kazi yake. Dada wa pasi anaufurahia mno, kumnyamazisha ndiyo shughuli. Lakini mkata vitambaa akifikiwa, jasho linamtoka. Wiki iliyopita alitoka duarani akakata jora zima la mashati, mikono yote ya kushoto. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, na jana aliniaga, anaacha kazi.

Inaniuma, nasema wazi. Nimeshona alichokata yeye tangu nianze kazi hapa, na sitaki kushona cha mwingine.

Yuko pale nyuma, karibu na mlango. Jamani msigeuke, mtamkimbiza! Mkasi wake ameuviringisha kwenye kitambaa, yuko nao kwapani. Kaka, usimwite hapa mbele. Mfuate, umwambie kwamba jora la Jumatatu utaliweka mezani, kisha utatoka.

Mama, asante kwa kutulea kila mtu kwa jinsi alivyo. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunivumilia. Kaka, naketi upesi, upate njia ya kupita.